Treni ya Mkwe

Wivu wa mtu mzima ni aibu. Wivu wa mzee wa kanisa kwa mke wa mwanawe ni aibu mara mbili, ndiyo maana Fundi Hosea wa Ibighi aliupa jina jingine. Aliuita mila. Lakini tusikimbilie huko, tuanze na treni yenyewe.

Hosea ni seremala. Pale Tukuyu ukikuta kitanda kisicholia mtu akijigeuza, au kabati ambalo mlango wake unafunga bila kupigwa teke, uliza tu, utaambiwa ni mkono wa Hosea. Vitanda na makabati vilimpa ugali, lakini moyo wake ulikuwa kwenye treni. Alikuwa mtoto wa kuchunga ndama baba yake alipompeleka Mbeya kuitazama reli mpya ya kwenda Zambia. Walisimama majanini kutwa nzima, mpaka jioni treni ikapita. Ilipita mara moja tu ikaenda zake, na yule mtoto hakupona tena.

Miaka arobaini amekuwa akichonga treni za mbao. Ya mwisho ilimchukua mwaka na miezi. Ilikuwa ya mninga mtupu, kichwa na mabehewa sita, kila dirisha limechongwa peke yake, vanishi imepakwa mara nne. Ilikaa juu ya ubao mpana wenye reli ya duara, na pembeni palikuwa na mpini. Ukiuzungusha ule mpini, kamba iliyofichwa chini ya ubao inaivuta treni, nayo inazunguka bila kelele. Watu wazima walikuja karakana wakatikisa vichwa, wakasema, "Fundi, hii ungeipeleka Ulaya." Watoto nao waliruhusiwa kuingia, mradi mikono iwe mgongoni.

Sasa, kanisa likaja na neno. Mwalimu Prisca, mratibu wa chekechea zao zote, kuanzia hapo mjini mpaka Lufingo na Lupepo, alitangaza kwamba kila chekechea itapewa seti ya treni ya mbao ya kuchezea. Itengenezwe hapa hapa Rungwe, alisema, siyo hii mitreni ya plastiki ya dukani inayovunjika mtoto hajamaliza kusema asante. Hosea aliposikia hakupata usingizi. Usidhani alikuwa anawaza malipo. Alikuwa anawasikia watoto wa wilaya nzima wakisema "treni ya Babu Hosea", hata siku ambayo mwenyewe atakuwa chini ya udongo. Alilitaka hilo kuliko alivyowahi kutaka kitu.

Na angelipata bila jasho, kama si Generosa.

Generosa ni mke wa Nelson, mtoto wa pekee wa Hosea, muuguzi aliyepangiwa kazi Chunya na hurudi mwisho wa mwezi. Generosa mwenyewe ni mwalimu wa darasa la awali, mtu wa Kaliua huko Tabora, aliyeletwa Tukuyu na ajira, akaolewa huko huko. Yeye na binti yao Gift, wa miaka mitano, wanakaa nyumba ndogo ya uani kwa Hosea. Na jamani, Hosea alimpenda yule mkwe! Siku ya harusi alisimama mbele ya ukoo akasema, "Haya mambo ya mkwe kujitupa migombani baba mkwe akipita, kwangu basi. Huyu ni mwanangu, tutakula meza moja." Wazee wa ukoo waliguna. Mkewe Esnath, ambaye enzi zake alijificha migombani na ndoo ya maji kichwani mpaka shingo ikapinda, alimtazama tu.

Hosea alitimiza neno lake. Miaka sita walikunywa chai pamoja. Alimfundisha mkwe wake kushika randa na kupiga msasa, akampa vipande vya paini vinavyobaki chini ya meza ya kazi. "Chukua, mwanangu, ukawashie jiko." Ukawashie jiko! Laiti angejua.

Kwa vile vipande Generosa alitengeneza treni. Tuseme ukweli, ilikuwa mbaya. Haikuwa na rangi wala vanishi, kichwa chake kilifanana na kiatu, na mabehewa hayakuwa na paa, ni visanduku vitupu vyenye magurudumu. Reli zilikuwa vipande vifupi vifupi, kila kipande kina tundu huku na huku, na kuviunganisha unachomeka kijiti. Kipande chochote kilikubali kipande chochote. Hosea alipoiona mara ya kwanza alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, hii ni treni au ni boksi la sabuni?" Generosa naye akacheka. Siku hiyo wivu ulikuwa haujazaliwa.

Ulizaliwa Jumamosi moja asubuhi. Hosea aligundua kwamba mlango wa karakana umekuwa mtupu, hakuna hata mtoto mmoja aliyekuja kusimama na mikono mgongoni. Akasikia kelele uani. Akachungulia kwenye mabanzi ya ua. Reli ya Generosa ilikuwa imepita chini ya benchi la Esnath, imezunguka jiko, imefika banda la kuku. Kulikuwa na watoto tisa au kumi. Mmoja anauza parachichi dirishani. Mmoja amekataa treni isiondoke kwa sababu tiketi ya abiria ni ya jana. Mwingine analia kwa sauti kwamba ameachwa, ikabidi treni irudi kinyumenyume kumfuata, na kuku mmoja akapakiwa behewani kwa nguvu kama mzigo. Gift alikuwa mkuu wa kituo, ana sauti ya kuamsha wafu. Hosea alisimama pale mpaka gundi ikamkaukia koponi. Kitu kilimchoma chini ya mbavu na hakikuacha.

Jioni yake alimwita mjukuu. "Gift, njoo babu akuzungushie treni."

Gift alikuja, akatazama mzunguko mmoja mzima. "Nimeshaiona, babu," akasema, akatoka mbio.

Siku ya pili Mwalimu Prisca alikuja kuiona kazi ya fundi. Aliisifu kweli kweli. "Fundi, hii mikono Mungu hakuifanya kwa haraka." Hosea akavimba. Lakini wakati wa kuondoka, mwalimu alisikia zile kelele za uani, akapita kuangalia. Hosea akamsubiri getini. Akasubiri. Mwalimu Prisca aliporudi gauni lake lilikuwa na tope magotini, na mkononi ana jani la mgomba ambalo, inaonekana, lilikuwa tiketi.

"Fundi! Mbona hukuniambia nyumbani kwako kuna treni mbili? Jumamosi ijayo zileteni zote pale chekechea. Watoto watacheza, sisi tutatazama, kisha tutaamua moja."

"Hakuna neno, mwalimu," Hosea akajibu, akitabasamu kwa meno tu.

Kabla hajarudi ndani aliokota kipande cha reli ambacho watoto walikisahau njiani. Akakigeuza, akakigeuza tena. Tundu huku, tundu huku. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kujenga njia yake mwenyewe aipeleke anakotaka, hata chini ya kitanda. Kitu chenyewe chepesi namna hii! Mbona mimi sikukiwaza? Miaka arobaini nachonga madirisha, mtu kafika juzi na takataka zangu mwenyewe! Angekuwa fundi wa Mbeya angevumilia. Angekuwa Mchina angesema hao wana mashine. Lakini huyu, ni Hosea mwenyewe aliyemfundisha kushika randa, kikulacho ki nguoni mwako.

Asubuhi, mila ikamjia.

"Mama Nelson," alimwambia mkewe, "nimefikiri sana kuhusu huyu mkwe. Tumeacha njia za wazee. Si vizuri mkwe kuonana uso kwa uso na baba mkwe. Ndiyo maana nyumba zina matatizo."

Esnath alikuwa anamenya ndizi. "Matatizo gani?"

"Matatizo tu."

"Gwe Hosea!" Esnath humwita mumewe kwa jina akikasirika tu, na hapo Kinyakyusa hutangulia. "Miaka sita umekula naye meza moja, leo mila imekuotea wapi? Mimi nilipoteswa na baba yako migombani, wewe si ndiye uliyesema ni ushamba?"

"Asikanyage karakana. Nikiingia mahali, yeye atoke. Nilipo mimi, yeye asiwepo. Mwambie."

"Na Jumamosi kwenye mambo ya galimoshi itakuwaje?"

"Hilo wala sikuliwaza," akasema Hosea, na hakuwa amewaza kingine tangu jana.

Esnath alisimama, akajifunga kanga kiunoni, akalivuta pindo ili maandishi yaonekane vizuri. "Hasidi hana sababu," akasema.

"Nani hasidi?"

"Nasoma kanga yangu, Baba Nelson. Hata kusoma umekataza?"

Hosea alitegemea Generosa atabisha. Mtu wa Kaliua, msomi, ana cheti chake, atakubali mambo ya migombani? Akibisha, itakuwa vizuri zaidi, itasemwa kwamba hana heshima. Lakini Generosa hakubisha. Alimuuliza mama mkwe mara mbili kosa lake ni nini, akaambiwa hakuna kosa, ni mwiko wa huku, akasema sawa. Na wageni ndivyo walivyo, jambo wakiambiwa ni la heshima hulishika kuliko wenyeji. Kikohozi cha Hosea kikisikika, Generosa alitoka kwa mlango wa nyuma akaacha ugali ukiungua. Kikombe chake hakikuonekana tena mezani. Siku ya Alhamisi walikutana njia ya bombani, mvua ya Tukuyu inamwagika kama kawaida yake. Generosa aliingia migombani, akageuza mgongo, akasimama huku maji yanamchuruzika kwenye shingo mpaka baba mkwe apite. Hosea alitaka kusema, mwanangu, toka kwenye mvua. Wivu ukamshika ulimi, akapita.

Na wivu, ukishakuzoea, hudai kazi. Usiku na mchana ulikuwa unamkumbusha Hosea jambo moja: Jumamosi wewe utakuwa ndani ya darasa, yeye hatakuwemo.

Jumamosi ikafika. Pale chekechea walitandika mikeka, watoto kama ishirini wakaketishwa, na Mwalimu Prisca akakaa na wajumbe wawili wa kamati kwenye vile viti vidogo vinavyofanya magoti yafike kidevuni. Hosea alivaa koti la ibada. Treni yake ya mninga ilikuwa mbele, imefunikwa kitambaa cheupe. Esnath akaingia na Gift, amebeba boksi kubwa la karatasi, akaliweka chini.

"Mama Gift mwenyewe yuko wapi?" akauliza Mwalimu Prisca.

"Yuko nje, upenuni. Hawezi kuingia," akasema Esnath, akitazama ukuta. "Baba mkwe wake yumo."

Mwalimu Prisca ni mzaliwa wa Lufingo, hakuhitaji tafsiri. Wajumbe nao wakatikisa vichwa kwa heshima. "Kumbe bado zipo nyumba zinazoshika mila!" mmoja akasema. Hosea akainamisha macho kwa unyenyekevu.

"Sasa treni yake nani ataipanga?"

"Nitampangia mimi," akasema Hosea. "Ni mkwe wangu. Haki ya mtu ni haki."

Wakamsifu. Mjumbe wa pili alisema baba wakwe wa namna hii siku hizi hawapatikani, na Esnath akapatwa na kikohozi.

Hosea alilivuta boksi pembeni, akalifungua. Juu kabisa kulikuwa na kifuko cha kitenge, ndani yake vile vijiti vya kuungia reli, vyote. Mkono ulifika kabla ya akili. Kifuko kikaingia mfuko wa koti, na Hosea akaendelea kutoa reli na mabehewa na kuviweka mkekani kwa upole, kama mtu asiye na neno na mtu. Hakuna aliyemwona.

Akaanza na ya kwake. Alipovuta kitambaa, watoto wote walisema "Haaa!", na Hosea akalisikia hilo "Haaa" mpaka kwenye vidole vya miguu. Akazungusha mpini. Treni ikaenda, ikapita, ikarudi, inang'aa. Watoto wakatazama. Ikapita mara ya pili. Mara ya tatu mtoto mmoja akaanza kuchokonoa mkeka. Mwingine, Yona, aliyekaa mbele kabisa, akainua mkono.

"Babu, inasimama wapi?"

"Haisimami. Inazunguka."

"Na watu watashukaje?"

Hosea akauzungusha mpini upya. Mwalimu Prisca akasema, "Tumpigie babu makofi," watoto wakapiga, makofi matatu ya kishule, wakanyamaza.

Kisha wakaachiwa ile ya Generosa. Waliiparamia wote. Wakapanga reli, na bila vijiti reli hazikushikana. Ukigusa kipande kimoja, cha pili kinahama. Treni ikaenda hatua mbili, ikaanguka ubavu. Hosea alishusha pumzi. Imekwisha, akajisemea. Mwenyezi Mungu anisamehe, lakini imekwisha.

"Ajali!" Yona akapiga kelele. "Treni imepata ajali! Leteni fundi!"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea, inategemea unamhurumia nani. Watoto watatu wakawa mafundi wa reli. Mmoja akalala kifudifudi kutazama palipovunjika, akatikisa kichwa kama fundi kweli, akasema hii itachukua siku mbili. Binti mmoja akaja na majani kuwafunga vidonda abiria, ambao walikuwa magunzi ya mahindi. Mwingine akaanza kuwauzia chai waliokwama, akakataa kukopesha. Wakagombana reli iende wapi, wakapatana, wakaipeleka kupitia miguu ya wajumbe, na mjumbe wa pili akaombwa ainue mguu kwa sababu yeye ni mlima. Akainua. Kila treni ilipoanguka, furaha ilizidi. Wengine walikwenda kwenye ubao wa Hosea, siyo kuizungusha treni, bali kuangalia kama yale mabehewa yanatoka wayapeleke kwenye ajali. Hosea akaweka kiganja juu ya treni yake kuilinda. Hakuna aliyemjali.

Saa nzima ilipita, na watoto walipoambiwa basi, walilia.

Wajumbe walinong'onezana na Mwalimu Prisca kwa muda ambao hautoshi kumenya ndizi moja. Kisha mwalimu akaja akamshika Hosea mkono kwa mikono yake miwili, na mtu akikushika hivyo ujue habari si nzuri.

"Fundi, kazi yako tutaiomba ikae kabatini ofisini, wageni waione. Ni nzuri mno. Lakini kwa watoto tumechukua ya mkweo." Akatua kidogo, kwa aibu. "Sasa tunataka aje atueleze namna ya kuzitengeneza nyingi. Ila ndiyo hivyo, hawezi kuingia nawe umo. Baba, tunaomba utupishe."

Darasa zima lilimngoja atoke, kwa heshima zote. Mjumbe mmoja alimfungulia mlango wa nyuma. Hosea alitoka na koti lake la ibada, na kwenye mlango wa mbele akamsikia mkewe akiita, "Mama Gift, ingia, ameshaondoka."

Nje kulikuwa na mvua. Angeweza kwenda nyumbani. Alisimama chini ya upenu mwembamba, kando ya dirisha, maji yanamdondokea kisigino. Wivu wake wote ulikuwa umesimama naye, haukupungua hata chembe. Humo ndani Generosa alikuwa anazungumza, na Hosea akagundua kwamba siku zote zile hakuwa ameisikia sauti yake.

"Sisi Kaliua treni ni pale inaposimama," alikuwa anasema. "Ikipita bila kusimama, siku hiyo hamli. Mama yangu alikuwa anauza asali dirishani. Mimi nilikuwa nakimbia na chenji, treni imeshaanza kuondoka. Kwa hiyo nilipotengeneza hii, nilifikiria vituo kwanza." Akacheka. "Na hapa kuna daraja, hamjaliona. Nguzo iko upande mmoja tu, makusudi. Upande wa pili lazima mtoto mwingine ashike kwa mikono, treni ivuke. Mtoto akiwa peke yake hawezi, inabidi amwombe mwenzake. Linaungwa kwa vijiti, kama reli zote. Viko... vilikuwa hapa juu..."

Karatasi za boksi zikachakuliwa.

"Kumbe kulikuwa na vijiti?" akauliza Mwalimu Prisca. "Ndiyo maana zilikuwa zinaachana!"

"Tumeviweka sisi wawili asubuhi," akasema Esnath taratibu. "Mimi na wewe. Kwenye kile kifuko."

"Hapana, mama," akasema Generosa. "Nilivitoa tena nikavisahau mezani. Kosa langu. Naombeni mnisamehe."

Hosea aliufahamu ule uongo kama anavyoufahamu ubao wa mninga. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umekikamata kifuko, na kifuko kilikuwa kimepata joto la mwili wake.

Kichwa cha Gift kikatokea dirishani. "Babu, mbona unanyeshewa?"

Akakitoa kifuko. "Mpe mama yako."

"Umekitoa wapi?"

Angeweza kusema amekiokota njiani. Neno lilikuwa tayari ulimini, laini, limepigwa msasa. Akalimeza. "Mwambie mama... mwambie babu alikiiba."

Mkuu wa kituo akageuka, akatangaza kwa darasa zima. "Mama! Babu anasema alikiiba!"

Esnath alijifunga kanga upya kiunoni, na Hosea aliogopa fundo hilo kuliko maneno yake yote ya miaka thelathini na tano.

Kisha Generosa akasema, na hakupitishia kwa Gift. "Najua, baba. Kisichoeleweka kwangu ni kimoja tu. Kwa nini ulinifukuza mezani?"

Uso wake haukuonekana, alikuwa bado ameligeuzia dirisha mgongo kama alivyoagizwa. Hosea alishika ukingo wa dirisha. "Ni wivu, mwanangu," akasema. Ilitoka kwa sauti ndogo, akairudia ili na wajumbe wasikie. "Mila ilikuwa maneno yangu tu. Ni wivu. Na sasa hivi ninao."

Mwalimu Prisca alitazama dari. Mjumbe mmoja alitazama viatu vyake. Generosa alivihesabu vijiti kiganjani, taratibu, mpaka cha mwisho, kisha akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Basi ingia, baba. Daraja linataka mtu wa pili, na mikono ya hawa watoto ni mifupi."

Hosea alizunguka akaingia kwa mlango wa mbele, kalowa. Akapiga magoti mkekani, magoti yakalia. Generosa alichomeka vijiti, akashikilia upande wa nguzo ili watoto waone, Hosea akashika wa pili, nyuso zao hatua moja tu kati yao. Yona akaileta treni, imejaa magunzi. Ikapanda. Hosea aliusikia uzito wake ukipita juu ya viganja, akaona kiungo kikipokea mzigo bila kuyumba, kijiti kimekaa palepale kinapotakiwa, na wivu ukampanda upya, wa moto kabisa, kana kwamba ndiyo kwanza unaanza.

"Babu, usitikisike!" Yona akamfokea. "Kuna watu humu!"

"Sitikisiki," akasema Hosea, akashika vizuri.